Sura Iliyoshuka Polepole

Vijana wa ofisini mlinitaka niwaachie maandishi kabla sijasahau, mkasema nisisite kuweka na mambo ya kitaalamu. Nilikuwa nimekataa. Nimebadili mawazo kwa sababu siku niliyokabidhi funguo nilimkuta mmoja wenu amebeba katoni iliyoandikwa USITUPE kwa mkono wangu, anaipeleka jalalani. Ndani yake mna bodi ya kompyuta iliyooza kona moja, na prosesa ambayo leo haiwezi kufungua hata barua pepe. Nilimpokonya. Haya ndiyo maelezo ya katoni ile, na mkishayasoma naomba muirudishe juu ya kabati ilipokuwa.

Nimezaliwa Simbo, na kazi yangu ya kwanza ilikuwa kupiga taipu. Kufungua vyombo vya umeme nilifundishwa na Mzee Sefu, fundi redio wa Ujiji, ambaye macho yake yalikuwa yamechoka kiasi kwamba alilehemu kwa kunusa. Alinipa masharti mawili. La kwanza, gusa chuma kabla hujagusa mzunguko, ili umeme wa mwilini mwako uishie huko. La pili, ukitoa kitu kwenye chombo cha watu kiweke, maana hujui kilikuwa kinafanya kazi gani mle ndani. La kwanza nililishika siku ileile. La pili lilinichukua miaka.

Miaka ile wakimbizi walikuwa wakiingia kutoka Burundi na Kongo, wengine kwa miguu kupitia mpakani, wengine kwa boti na mitumbwi. Ofisi yetu ilikuwa nyumba ya vyumba vitatu kwenye mteremko unaotazama bandari ya Kigoma na stesheni, na kazi yake ilikuwa moja tu: kuwatafutia wazazi watoto waliopotezana nao. Kompyuta ililetwa na mtaalamu mmoja wa kigeni. Alitutengenezea programu ya orodha, akatufundisha siku tisa, akaugua malaria, akaondoka. Siku ya kumi mashine ikagoma. Mkuu wa ofisi akauliza nani anaweza kufungua kitu, nami nikanyoosha mkono kabla sijafikiri. Hivyo ndivyo nilivyopata taaluma.

Aliyekuwa akiingiza majina ni Bi Zaituni, Mmanyema wa Ujiji, aliyenizidi umri miaka ishirini na subira miaka mia. Kila mtoto alikuwa na karatasi mbili ndani ya mashine. Ya kwanza ilikuwa na jina, wazazi, kijiji na aliyemleta. Ya pili ilikuwa na picha, mahali alipo, namba yake ya kambini, na hali yake. Ile ya pili ilikuwa lazima, kwa sababu majina peke yake yasingetufikisha popote. Mtoto wa Kirundi hachukui jina la baba, na wengi hupewa jina la zamu waliyozaliwa. Minani ni mtoto wa nane. Tulikuwa na akina Minani wa kutosha kujaza darasa, na baba zao wote wana majina mengine kabisa.

Kwenye nafasi ya hali tuliandika "hai" au "marehemu". Ndiyo, na marehemu walikuwemo. Boti ikizama, ziwa hurudisha baadhi ya watu siku ya tatu au ya nne, na ilikuwa kazi yetu kuwapiga picha kabla hawajazikwa, ili siku moja mtu aje ajue. Watoto tuliwafuta uso na kuwafunika hadi shingoni. Walionekana wamelala, wamevimba kidogo, na jambo ambalo sikuwahi kulizoea ni kwamba wote walifanana.

Prosesa yetu ilikuwa dhaifu mno. Ukiita picha haikuja yote. Ilishuka kutoka juu mstari kwa mstari: ukuta wa nyuma, nywele, paji la uso, nyusi. Macho yalichukua muda. Mama anayetafuta mtoto alikaa kwenye kiti mbele ya skrini, na uso ukamshukia hivyo, huku sisi tumesimama nyuma yake hatupumui. Wako waliojua kwenye nyusi. Mmoja alijua kwenye masikio, akapiga vigelegele kabla skrini haijafika puani. Wengine walisubiri hadi kidevu, wakatikisa kichwa, nami nikaita picha nyingine. Niliuonea aibu sana ukongwe ule wa mashine.

Ugonjwa wake mwingine ulikuwa saa. Kompyuta hutunza tarehe kwa betri ndogo iliyo kwenye bodi. Ya kwetu ilikuwa imelehemiwa, ikavuja, ikala njia za shaba. Nilipoing'oa na kuweka nyingine haikushika. Kila umeme ulipokatika, mashine iliamka ikiamini kwamba ni tarehe mosi Januari, mwaka themanini, saa sita kamili usiku. Asubuhi Bi Zaituni alifika, akavua viatu, akaisomea bismillahi, akatazama kalenda ya ukutani na saa ya mkononi, akaipa mashine tarehe. "Nishaiamsha," alisema, halafu kazi ikaanza.

Lakini umeme wa Kigoma wakati ule haukukatika mara moja kwa siku. Siku za boti nyingi, foleni ikifika barabarani, ilitokea ukakatika na kurudi na yeye asiwe na nafasi ya kuirekebisha. Watoto wa saa hizo wakaandikwa kwamba tuliwapokea Januari ya themanini, miaka mingi kabla hawajazaliwa. Kila ilipotokea hivyo, Bi Zaituni aliandika kwenye daftari lake la shule: siku yenyewe, mtoto mwenyewe, na dakika ambayo mashine ilidai. Nilimtania kwamba anaandika habari za siku ambayo haikuwepo.

"Mie naandika," alinijibu, "kwa sababu hii mashine haina haya."

Hatimaye makao makuu yakatuma fedha za kuboresha mashine, pamoja na barua ya kurasa tatu ya kueleza jinsi zilivyo chache. Walitaka pia proforma, hati za bei, kutoka maduka matatu. Kigoma nzima ilikuwa na duka moja lililouza vifaa vya kompyuta, na liliuza magodoro vilevile. Mwenye duka, mtu muungwana, alinipa proforma tatu, kila moja kwa mwandiko tofauti.

Sasa nisikilizeni, hapa ndipo pa kitaalamu. Njia zilikuwa tatu. Ningeweza kubaki na bodi ileile nikatafuta prosesa kubwa kuliko zote zinazoingia kwenye soketi yake. Ni rahisi, lakini unamvisha mgonjwa viatu vipya. Ile saa ingebaki imekufa. Ningeweza kununua bodi mpya na prosesa yenye nguvu, lakini memori zetu za zamani zisingeingia, na fedha za memori mpya hazikuwepo. Nilichagua kuweka fedha karibu zote kwenye bodi. Prosesa utaiongeza baadaye, lakini bodi mbaya itabaki mbaya. Nilitaka yenye nafasi za memori za aina mbili, ya zamani na mpya, yenye soketi itakayokubali prosesa kubwa zaidi siku za mbele, na yenye betri ya saa ya kuchomeka. Juu yake nikaweka prosesa ndogo kuliko zote zilizokuwa sokoni, ambayo hata hivyo iliiacha mbali ile ya kwetu.

Vifaa hivyo duka la magodoro halikuwa navyo. Nilimpigia simu muuzaji mmoja Dar es Salaam, nikamtaka anisomee maandishi ya bodi herufi kwa herufi, halafu aangalie kapasita, vile vipipa vidogo, kama kuna kilichovimba kichwa. Aliniuliza kama nina homa. Mzigo ulikuja kwa treni umeviringishwa kwenye kanga, na haukuwa na kasoro hata moja. Hata leo mkiniuliza nitachagua vilevile.

Nilifunga bodi mpya Jumamosi, kwenye kasha jingine. Kitu cha kwanza kilichonishtua ni ukimya. Ile ya zamani ilinguruma na kukwaruza kila ilipofikiri. Hii ilikaa tu. Jumatatu Bi Zaituni alifika, akavua viatu, akatazama kalenda, kisha akaona kwamba tarehe ipo tayari, sahihi hadi dakika. Akaketi na mikono mapajani.

"Hii haina pumzi, Perpe," aliniambia.

Nikaita picha ili afurahi. Uso ukatokea wote mara moja, mtoto mzima anamkodolea macho. Bi Zaituni alirudisha kiti nyuma hadi kikagonga kabati. "Inatutupia watu," alisema. Nilicheka, na sikuona sababu ya kutocheka.

Kwenye programu ile kulikuwa na amri inayoitwa Panga Upya. Kazi yake ilikuwa kuunganisha tena karatasi zote za kwanza na za pili. Mtaalamu alituonya tusiiguse, kwa sababu kwa mashine ya zamani ingechukua siku nne, na umeme haukuwahi kutupa siku nne mfululizo. Kwa mpya nilikadiria nusu saa. Hakuna aliyeniomba. Nilitaka tu kuiona kasi niliyokuwa nikiisifia. Nikabonyeza, nikaenda kula wali kwa samaki migebuka, na niliporudi ilikuwa imemaliza. Nikachomoa watoto ishirini huku na huku, nikawalinganisha na mafaili ya makaratasi. Wote sawasawa. Nikaandika ripoti, nikaisaini kwa wino wa bluu.

Wiki hiyohiyo akaja Kandida. Alikuwa Mrundi, anaishi kambini, mwanamke mrefu asiyesema sana. Siku walipokimbia, wakubwa wakiwa wametangulia na baba yao, alikuwa amebeba mzigo na kitoto kichanga, akamwachia jirani amshike mwanawe Minani, mwenye miaka mitatu. Milio ya bunduki ikawatenganisha. Kichanga alifia njiani. Kwa miaka minne alikuwa amekwisha kuja kwetu mara tatu, akakaa kwenye kile kiti, akateremshiwa sura za akina Minani, kila safari kambi moja tu, maana mashine ya zamani haikuweza kutafuta kambi mbili kwa pamoja.

Nilimpokea kwa furaha. Nikamwambia leo tutauliza kambi zote kwa mara moja. Sikuhitaji mkalimani; mimi ni Muha, na Kiha na Kirundi vinaelewana. Nikamgeuzia skrini ili na yeye aione kasi. Hilo ndilo ninalojutia kuliko yote. Nikaandika jina la baba, la mama, na kijiji. Jibu likaja hapohapo: Minani, mwana wa Kandida, kijiji kilekile. Na kabla jicho langu halijashuka mstari wa pili, uso ulikuwa umeshafika. Ulikuwa umefumba macho, na shuka imefika shingoni. Pembeni pameandikwa "marehemu", na namba ya kaburi.

Kandida hakulia. Alisogea akagusa kioo kwa kidole. Uso wa mtoto aliyelala majini siku tatu unaweza kuwa wa mtoto yeyote, na jina lilikuwa lake, na sisi tulikuwa tumesimama pale na vitambulisho vyetu vifuani.

"Ni we," alisema. Ni yeye.

Bi Zaituni ndiye aliyempeleka kwenye makaburi ya ufukweni, kwenye kigingi chenye namba ile. Alikaa pale hadi alasiri. Kambini wakamnyoa nywele, wakakaa matanga, na siku zilipotimia wakamaliza msiba. Mimi nilifungua faili lingine. Nilikuwa na huzuni, sikatai, lakini moyoni nilijiambia kwamba angalau sasa anajua, na ameijua kwa sababu ya bodi yangu.

Miezi ikapita. Kila mwezi kambi zilituletea orodha ya watoto waliopewa vitu, na Bi Zaituni aliilinganisha na yetu, kazi ambayo hakuna mwingine aliyeitaka. Adhuhuri moja yenye joto aliniita kwa sauti ya chini.

"Perpe, njoo umwone huyu. Hapa tumeandika ameletwa na ziwa, mtoto wa kiume, jina halijulikani."

"Wako wengi, Bi Zaituni."

"Huyu amepewa blanketi."

Nikamwambia kambini wamekosea namba. Alilamba kidole, akafunua karatasi ya mwezi mwingine.

"Na hapa amepewa viatu. Mwezi huu amepewa vingine, saizi imeongezeka." Akanitazama juu ya miwani yake. "Marehemu anakua."

Mikono ilinisisimka hadi mabegani. Niliita ile picha. Ikatokea mara moja: mtoto wa miaka mitatu, macho wazi, anaiogopa kamera. Pembeni: "hai". Tulikuwa na mtoto aliyeletwa na ziwa, asiye na jina, anayekula, anayevaa viatu, anayeongezeka. Nje winchi ya bandarini ilikuwa inapakua mzigo kama siku zote, na sisi wawili tulikaa pale tukimtazama. Nakumbuka niligusa mguu wa meza, wa chuma, kama alivyonifundisha Mzee Sefu, sijui ili umeme gani unitoke.

Bi Zaituni alikuwa ameshafungua daftari lake. Alipitisha kidole taratibu, akasimama, akapitisha kurasa kadhaa, akasimama tena. Siku mbili tofauti, miezi kadhaa kati yake. Siku zote mbili umeme ulikatika, ukarudi, mashine ikaanza kuhesabu Januari yake ya themanini, foleni ikaendelea. Siku moja, katika dakika ya kumi na saba, aliandikwa Minani mwana wa Kandida, ameletwa na jirani, hai. Siku nyingine, katika dakika ya kumi na saba, aliandikwa mtoto asiyejulikana, ameletwa na ziwa, marehemu. Programu ilizitambua karatasi mbili za mtoto mmoja kwa tarehe na dakika ya kuandikwa. Niliposema Panga Upya, ilikutana na watoto wawili wa dakika ileile ya siku ambayo haikuwahi kuwepo, ikachanganya. Ikampa kila mmoja nusu ya mwenzake.

Jozi nyingine za namna hiyo zilikuwa tano. Tulizirekebisha siku hiyo, na hakuna mzazi aliyekuwa amezifikia. Hii moja ilikuwa imefikiwa. Kisha nikaenda kumwambia mkuu wa ofisi kwamba nimemuua mtoto wa mtu, naye yu hai.

"Sahihisheni," alisema. "Mkampelekee mtoto wake."

Alidhani ni rahisi, na mimi nilidhani hivyohivyo. Tulimchukua Minani kwa bibi aliyekuwa akimlea, katika kambi ambayo kwa mashine ya zamani hatukuwa tumeifikia. Alikuwa na miaka saba, mwembamba, viatu vyake vipya amevifunga kwa uangalifu mno. Gari likasimama hatua chache kutoka nyumba ya Kandida. Nikashuka mimi na Bi Zaituni. Kandida alitukaribisha vizuri, akatutolea mkeka. Nywele zilikuwa zimeanza kuota.

"Mama," nilianza, "tumekuja kuhusu Minani."

"Minani nimekwisha kumlilia," alisema kwa upole, kama anayemkumbusha mgeni.

"Tulikosea sisi. Yule hakuwa yeye. Minani yu hai, Mama. Yumo kwenye gari pale."

Sijawahi kuona uso ukijifunga namna ile. Hakutazama gari. Aliinuka, akaingia ndani, akavuta mlango, na kutoka ndani nikasikia, si kwa hasira bali kwa hofu: "Ntimunzanire umuzimu." Msiniletee mzimu. Aliyarudia mara kadhaa. Nilirudi kwenye gari. Mtoto alikuwa amechungulia dirishani muda wote.

"Nani amefunga mlango?" aliniuliza.

Bi Zaituni alibaki. Aliketi kizingitini, mgongo wake umeegemea mlango, akazungumza na ubao kwa Kiswahili cha Ujiji kilichochanganyika na Kirundi kibovu. Baadaye sauti ikatoka ndani.

"Mashine yenu ilinipa maiti. Leo inanipa mtu. Kesho itanipa nini?"

"Una haki, mwenzangu," Bi Zaituni alisema. "Niambie wewe. Tufanye nini?"

Kuku walipita. Kisha Kandida akasema: "Ile ya kwanza. Ile iliyokuwa ikimteremsha mtu polepole. Ile haikunitupia mtu usoni. Nikimwona kwenye ile, nitasema."

Tulimrudisha Minani kwa yule bibi, tukarudi Kigoma. Bodi ya zamani na prosesa yake vilikuwa bado uvunguni mwa meza yangu, ndani ya katoni. Nisijisifu: niliviweka kwa sababu ya uvivu, na mwezi uleule nilikuwa nimemwahidi mtu wa chuma chakavu. Pini mbili za prosesa zilikuwa zimepinda. Nilizinyoosha kwa sindano ya kushonea, pumzi nimeishikilia, maana ikivunjika moja hakuna duka duniani la kukuuzia pini. Nikafuta ile kutu ya kijani kwa mswaki na spiriti. Nikafunga kila kitu kwenye kasha lake la awali, na kipande kimoja cha memori nilichokiazima kwenye ile mpya, nikanakili picha ya mtoto kwenye disketi, nikawasha. Ikanguruma. Ikaamka Januari ya themanini, saa sita usiku, kama iliyolala jana tu.

Kandida alikuja siku ya tatu, kabla ya adhuhuri, na mwanamke mwenzake wa kumshika mkono. Minani tulikuwa tumemkalisha kwenye benchi nyuma, ukutani, ambako Kandida hakulazimika kumwona. Alijua yupo. Alipita amejifunika kitenge upande ule wa uso. Bi Zaituni alivua viatu, akasema bismillahi, akatazama kalenda, akatazama saa, akaipa mashine tarehe.

"Nishaiamsha," alisema.

Nikaita picha.

Ukuta ulishuka. Nywele zikaanza. "Nywele ni za watoto wote," Kandida alisema kwa sauti. Paji la uso likafuata. "Paji ni la watoto wote." Nyusi zikaja, na hapo hakusema kitu. Kitenge kikateleza begani. Mashine ilikwaruza, ikapumzika, ikakwaruza. Ncha za masikio zikatokea. Kisha macho, kidogokidogo, yamefunguka, yameogopa. Kandida alianza kuyumba mbele na nyuma. Aliinua mkono, akauzuia hewani, anasubiri pua.

Umeme ukakatika.

Feni ikafa. Skrini ikawa nyeusi. Nilitaka kulia kwa sauti, na nadhani nililia. Hakuna aliyesogea. Na katika ile skrini nyeusi, kwa mwanga wa dirisha la pembeni, niliona kile alichokiona Kandida: mtoto amesimama nyuma ya bega lake. Minani alikuwa ameondoka kwenye benchi bila sisi kumsikia, amekuja kuitazama picha yake. Uso wake ulikuwa ndani ya kioo palepale mwingine ulipoishia, macho yaleyale, na chini ya macho pua, na mdomo, na kidevu.

Kandida hakugeuka. Alikitazama kioo kwa muda mrefu. Mwanamke mwenzake alianza kunong'ona sala.

"Minani," Kandida alimwita, akikiita kioo.

"Karame," mtoto akaitika, vile mtoto wa Kirundi anavyoitika aitwapo na mama.

Kandida akageuka. Sitaandika yaliyofuata, kwa sababu mimi na Bi Zaituni tulitoka nje, tukasimama tukilitazama ziwa, na yale yaliyofanyika mle ndani yalikuwa yao.

Tangu hapo nimebadilisha prosesa ya ile bodi mpya mara mbili, na mara zote iliingia bila tatizo, kwa hiyo ushauri wangu uko palepale: wekeni fedha kwenye bodi. Amri ya Panga Upya niliiondoa kwenye programu kwa mkono wangu. Na kila Jumatatu, hadi Bi Zaituni alipostaafu, alitazama kalenda na kuilinganisha na tarehe ya mashine, ingawa mashine haikukosea tena. Baada yake kazi hiyo niliifanya mimi.

Lakini jambo lenyewe lililonifanya niandike lilitokea wakati Kandida anaaga. Alikuwa amemshika mtoto mkono, ameshafika mlangoni, akarudi.

"Na yule mwingine?" aliuliza. "Yule niliyemlilia. Ni wa nani?"

"Hatujui, mwenzangu," Bi Zaituni alimjibu. "Hana jina. Hajawahi kuuliziwa na mtu."

Kandida alifikiri. Akapitisha mkono kichwani, kwenye nywele fupi.

"Nilinyolewa kwa ajili yake," alisema. "Nililala juu ya kaburi lake. Asiachwe hivyo. Niandikeni mimi."

Umeme uliporudi, Bi Zaituni alikwenda kwenye mashine mpya, akailinganisha tarehe yake na kalenda kwanza, halafu akafungua karatasi ya yule mtoto aliyeletwa na ziwa. Mimi nilisoma herufi alipokuwa akizichapa moja moja. Mtaikuta bado kwenye orodha mkiitafuta, na siku hizi inafunguka kwa kufumba na kufumbua. Jina la mtoto: halijulikani. Mama: Kandida.